Kirangozi

Neno kirangozi limekwisha kutoweka vinywani mwa watu wa pwani. Hakuna aliyelifukuza, kazi iliyolizaa ilikufa, nalo likaifuata kaburini. Katika karne ya 19, msafara ulipoondoka Bagamoyo kuelekea Unyamwezi na Ujiji, mtu aliyekuwa mbele ya wote ndiye aliyeitwa hivyo. Richard Burton, aliyeifuata njia hiyo kuanzia mwaka 1857, alimweleza kwa urefu: mavazi yake mekundu, ngozi na manyoya kichwani, mzigo wake mwepesi kuliko ya wenziwe, na bendera nyekundu ya Zanzibar aliyoinyanyua asubuhi msafara ulipoanza kujikunjua. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumpita. Aliyempita alichomolewa mshale katika podo lake, ili jioni, watakapofika kambini, ajulikane ni nani na alipe faini.

Siku hizi kila anayetangulia ni kiongozi: wa tawi, wa darasa, wa timu, wa taifa. Neno limebebeshwa mizigo mingi hata magoti yanalilegea. Biashara ya utalii nayo ina mtembezaji, yaani mwenyeji wa mahali anayewazungusha wageni Forodhani na Mkunazini, au katika mashamba ya viungo Kizimbani, kisha jioni akarejea kwake akala na watoto wake. Lakini yuko mwengine, ambaye kazi yake ni kukaa na kikundi kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hulala wanapolala, hupanda meli na treni pamoja nao, huamua ugomvi wao wa vitanda na madirisha, na usiku wa tatu hujua nani anakoroma na nani analia. Huyu lugha haijamkatia nguo inayomtosha. Binti mmoja wa Wete, Pemba, ambaye hajafika miaka 30 na ambaye ndiyo kazi yake, alilikuta neno kirangozi katika kamusi ya zamani, akalipenda na kulitwaa. Wenziwe kazini humcheka. Yeye hujibu kwamba afadhali neno lililokufa kwa heshima kuliko neno linalotumika kwa kila mtu.

Aliyeingia kazi hiyo huulizwa sababu, na majibu yanajulikana. Wote husema wanapenda kusafiri na wanapenda watu. La kwanza huenda likawa kweli. La pili ni vigumu kuliamini, kwani hakuna anayewapenda watu saa kumi za usiku, bandarini, watu 14 wakiwa na mabegi 20 na mmoja wao hajaiona pasi yake. Binti naye alipofanyiwa usaili alisema hayohayo, akaongeza lugha tatu anazozijua na cheti chake cha chuo. Wakamwajiri. Sababu ya kweli hakuisema, kwa kuwa wakati ule alikuwa hajaipatia maneno, na pengine kwa kuwa si maneno ya kuambiwa mtu aliyeketi nyuma ya meza na orodha ya maswali.

Wako waliotaja sababu zao bila kuzunguka. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliieleza habari ya maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Anasema alianza safari za karibu za sandarusi akiwa na miaka 12. Msomaji hana haja ya kujiuliza kijana huyo alitafuta nini: alitafuta mali, akaipata, pembe na watu, na anaihesabu mbele ya msomaji bila haya. Kitabu chake ni hodari kwa sababu hiyo, na kinatisha kwa sababu hiyohiyo.

Sidi Mubarak Bombay ni fumbo la namna nyengine. Alizaliwa Uyao yapata mwaka 1820. Alipokuwa na miaka kama 12, wafanyabiashara wa pwani walikizingira kijiji chao kwa bunduki wakidai madeni, yeye akawa miongoni mwa waliochukuliwa. Akapelekwa kwa miguu hadi Kilwa, kutoka Kilwa akaletwa Unguja, akauzwa, akavushwa bahari hadi Bara Hindi, na huko ndiko alikopatia jina ambalo halikuwa la baba yake. Bwana wake alipofariki aliachwa huru. Akarejea Zanzibar, akawa askari wa Sultani, na mwaka 1857 Burton na Speke wakamkuta katika ngome ndogo karibu na Pangani. Speke hakujua Kiswahili. Bombay alikuwa na Kihindi chake cha utumwani, na kwa lugha hiyo wakaelewana. Kuanzia hapo hakutulia. Alifika Ujiji na Burton na Speke mwaka 1858. Kati ya 1860 na 1863 alikwenda na Speke na Grant kutoka Zanzibar hadi Cairo. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa walinzi katika msafara wa Stanley uliomtafuta Livingstone. Mwaka 1873 akatoka tena na Cameron, na Novemba 1875 wakatokea upande wa pili wa bara, kwenye pwani ya Angola. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Kwa usahihi, Bombay hakuwa kirangozi. Mbeba bendera alikuwa mwengine. Yeye alikuwa mnyapara, mkuu wa watu, aliyekuwa akijibu kila walipotoroka wapagazi au kupotea ushanga. Matusi ya mabwana yalikuwa fungu lake, na Speke mwenyewe ameandika kwamba aliwahi kumpiga. Bado alirudi njiani, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Binti wa Wete alikisoma kitabu cha Speke pole pole, kamusi mkononi, akafika pale Bombay anaposimulia namna alivyotekwa. Speke amelinukuu simulizi hilo kama kioja, kisha akaendelea na habari nyengine. Hakumuuliza mtu yule kilichomfanya, baada ya kupelekwa Kilwa akiwa mtoto ndani ya mstari wa watu asiouchagua, autumie umri wake wote wa utu uzima kusimamia mistari ya watu. Mshahara ulikuwapo, hapana shaka. Lakini miaka 18, kutoka 1857 hadi 1875, ni mingi kwa mshahara ule.

Binti hadai kwamba anamjua Bombay. Anasema tu kwamba swali lile lilimkaa.

Safari yake mwenyewe ya kwanza ya mbali ilikuwa mwaka 2019, akiwa na miaka 21, amemaliza chuo na hana kazi. Alidunduliza fedha za kuchuma karafuu, ambazo Pemba hulipwa kwa pishi, akavuka hadi Dar es Salaam, akakata tiketi ya daraja la pili kwenda Kigoma. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kwa rafiki yake Morogoro. Reli ile ya kati waliijenga Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo kwa sehemu kubwa inakwenda jirani na njia ya misafara. Ni kiasi cha kilomita 1,250. Alitaka kuziona zote, kwa nini hakujua. Kisiwa ni kidogo na ramani ya shule ilikuwa kubwa.

Katika daraja la pili vitanda ni sita kwa chumba, wanawake mbali na wanaume mbali. Chumba chao kilikuwa na mama mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa mawese, aliyekuwa akirejea kwao na watoto wake watatu na mtoto wa dada yake. Mama yule hakuwa mwingi wa maneno. Alimwita binti mwanangu, akampa kitanda cha chini akisema kwamba cha juu kina joto, kisha akalala. Lakini kila treni iliposimama aliamka. Alinyoosha mkono akawagusa watoto vichwani mmoja baada ya mmoja, midomo ikitikisika, halafu akalala tena. Treni ile husimama mara nyingi. Ilisimama penye stesheni na penye pori, na Saranda, wanapopandisha kuku wa kuchoma madirishani, na mahali pengine pasipo na jina wala taa, na kila mahali mkono ulinyooka gizani ukapita juu ya vichwa vinne. Usiku wa manane binti alishtuka kugundua kwamba mkono ule ulipita na juu ya kichwa chake. Alikuwa ameingizwa katika hesabu. Alilala, anasema, kama hajapata kulala tangu utoto.

Tabora ndipo treni inapogawanywa. Mabehewa ya Mwanza hukatwa yakaenda kaskazini, ya Kigoma yakaendelea magharibi, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Watu hushuka wakanywa chai, wakanunua asali, wakanyoosha miguu. Mabehewa husukumwa mbele na nyuma hata mtu akirudi asilikute lake pale alipoliacha. Mama alipohesabu hapo, hesabu haikutimia. Mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka tisa, hakuwapo. Mama hakupiga kelele. Aliwakalisha wengine watatu juu ya gudulia la mawese matupu, akamtazama binti na kumwambia: "Mwanangu, wewe shika upande ule." Binti akakimbia. Aliingia behewa baada ya behewa akiliita jina la mtoto asiyemjua hadi juzi yake, akakanyaga miguu ya watu, akatukanwa, na katika behewa la nne la Mwanza akamkuta ameketi dirishani baina ya wazee wawili, anakula karanga, ametulia kabisa. Alikuwa ameona mahali palipo na nafasi. Kwa mtoto, mabehewa yote yalikuwa treni moja.

Aliporudi naye mama hakushukuru. Aliwagusa vichwa upya, mmoja, wawili, watatu, wanne, akamgusa na binti, watano, kisha akafungua chakula. Binti aliketi akitetemeka mikono. Anakumbuka kwamba furaha aliyoisikia wakati ule ilimtisha, kwa kuwa ilikuwa kubwa kupita kisa chenyewe. Mtoto alikuwa amepotea kwa dakika 20, na pengine wazee wale wangemshusha njiani wakampeleka kwa mkuu wa stesheni. Furaha hiyo ilikuwa ya deni jingine.

Deni lenyewe linajulikana na kila mtu wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa siku kama kumi baada ya Idi, na wengi walikuwa wakirejea makwao. Meli ilikuwa na ruhusa ya watu 600 na ushee, ikapakia wengi zaidi, pamoja na mchele na magodoro, na magodoro hayo ndiyo yaliyowaelea baadhi ya watu hadi alfajiri. Zaidi ya watu 600 waliokolewa. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mingine ikazikwa kwa pamoja huko Kama. Waliobaki chini hawakujulikana idadi yao kwa yakini, na sababu ni nyepesi hata inaumiza: hapakuwa na aliyejua ni watu wangapi walikuwa wamepanda. Hesabu iliyotajwa iliongezeka kadiri familia zilivyojitokeza kusema kwamba na wa kwao alikuwamo. Watu walihesabiwa kwa kukosekana.

Khalati yake, mdogo wa mwisho wa mama yake, alikuwa Unguja. Alikuwa ameaga kwamba angerejea wiki ya pili. Ijumaa ile magharibi alipiga simu akasema amepata nafasi, anakuja, wamwekee chakula. Jina lake halikuwamo katika orodha yoyote. Kwa miezi familia ilikuwa ikieleza katika afisi hii na ile, ushahidi wake ukiwa ni simu moja ya dakika mbili iliyopokewa na msichana wa miaka 13, na mwenye afisi alikuwa akiuliza kwa upole, maana walikuwa wapole, kama kweli alipanda au alisema tu kwamba atapanda. Msichana akawa anaulizwa maneno yaleyale tena na tena: alisema "nakuja" au alisema "nimo"? Baada ya muda hata yeye hakuwa na uhakika.

Mtu asikimbilie kusema kwamba hapa ndipo ilipo sababu yote, na kwamba mengine ni maji. Binti mwenyewe huchukia akisikia kazi yake inaelezwa kwa msiba. Wapo mamia waliopoteza watu usiku ule na hawakuwa viongozi wa misafara. Wamekuwa wavuvi, walimu, wauza maduka, na wengine hawakupanda chombo tena. Anapenda pia kulipwa. Anapenda bahashishi, na hoteli zenye maji ya moto, na kuzungumza Kifaransa akaonekana hodari. Lakini anakiri kwamba Tabora, alipomshika mkono mtoto yule wakarudi wanatembea kandokando ya reli, alijua kazi anayoitaka, na haikuwa ya kuonyesha watu majengo.

Ilibaki shida ya kuhesabu. Kwao, na katika nyumba nyingi za pwani, watu hawahesabiwi. Atakayenyoosha kidole akahesabu watoto wa mwenziwe ataambiwa ataje jina la Mungu, au ataondolewa kidole hicho kwa kofi. Bibi yake, aliyelea wajukuu 11 katika nyumba moja, hakupata hata siku moja kutamka idadi yao. Usiku alikuwa akitoka kibarazani na kandili akatazama malapa mlangoni. Yakiwa jozi zote zimo, alifunga mlango. Ikipungua jozi, aliuliza, na aliuliza juu ya lapa: "Lapa la kijani li wapi?" Mjukuu alipomweleza kwamba ataajiriwa na sehemu ya kazi ni kuhesabu watu asubuhi, mchana na jioni, bibi alikunja uso. "Watu wa Mungu hawahesabiwi kama nazi," alisema. Na nazi, kwa mkulima wa Pemba, huhesabiwa kwa sababu zinauzwa.

Neno la bibi ni zito kuliko alivyodhani mwenyewe. Misafara ile ya zamani ilikuwa na hesabu nyingi sana. Wapagazi walihesabiwa, na vitambaa, na pembe, na waliofungwa minyororo walihesabiwa zaidi kuliko wote, kwani kila mmoja alikuwa na bei yake na ushuru wake wa kulipiwa forodhani. Bombay alipoingia Kilwa aliingia akiwa nambari. Kule kuhesabiwa kulimfuata mtu kama doa. Kwa upande mwengine iko meli ya mwaka 2011, ambayo ilihesabu fedha za tiketi na haikuhesabu watu. Kati ya mambo hayo mawili binti alikaa muda mrefu asijue ashike lipi, na wenziwe kazini, ambao kwao kuhesabu ni kutazama vichwa ndani ya basi na kusema "tayari, dereva," hawakuelewa kinachomchelewesha.

Alilolifanya mwisho si la ajabu. Haiti idadi. Huita majina, yote, kila mara, kutoka kichwani bila karatasi. Usiku wa kwanza wa safari, wageni wakiwa bado wanapumzika, yeye hukaa chumbani akayakariri majina 12 au 14 ya Kijerumani, ya Kikorea, ya Kihispania, kama mtoto wa madrasa na ubao wake, na kama kila aliyewahi kuhifadhi shairi refu, hugundua kwamba majina hushikika yakitiwa mizani. Huyapanga yapatane vina. Asubuhi huyaita kwa mpango huohuo, na aliyeitwa sharti ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Kutikisa kichwa hakukubaliki, wala kujibiwa na mke au mume. Wageni hudhani ni mchezo. Siku ya tatu baadhi yao hukasirika, hasa wale wanaosafiri sana, wakasema kwamba wao si watoto wa shule. Huwaambia, kwa tabasamu, kwamba msafara hauondoki. Na hauondoki.

Bibi aliposikia utaratibu huo aliuliza swali moja tu: kama akiisha kuita, husema ni wangapi. Aliposikia hasemi, akanyamaza, na kunyamaza kwa bibi yule ndiyo ridhaa yake.

Ridhaa ya ami yake ilikuwa ngumu zaidi. Ami, kaka mkubwa wa baba yake, alikuwa nahodha wa mashua ujanani, na kwa miaka mitatu hakutaka kazi ile itajwe mbele yake. Mtoto wa kike kulala katika mahoteli na watu asiowajua, akitangulia mbele na wanaume wazima wakimfuata nyuma! Alimwambia: "Mwanangu, njia ina wenyewe." Binti hakubishana naye, hujibu shikamoo na kumletea tende. Yako maneno ya kweli ndani ya hofu ya ami. Wanawake katika kazi hii visiwani bado ni wachache, na yapo mambo yanayowapata njiani ambayo hawayaelezi wakirudi nyumbani. Binti hutembea na funguo za ziada na hapendi kuulizwa kwa nini.

Wakati ugonjwa wa corona ulipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, alirudi Wete akachuma karafuu. Watalii waliporejea, aliajiriwa tena, na safari hii aliomba jambo dogo: kila mwaka, msimu ukiwa mtulivu, apewe safari moja ya watu wa kwao. Wapemba wanasafiri sana kwa biashara na kwa maradhi, lakini kusafiri kwa kutazama tu bado huonekana ni anasa ya wageni. Neno talii ni ndugu wa mutalaa kwa asili yake ya Kiarabu, na mutalaa ni kusoma kwa makini. Ni ajabu kwamba wenyeji walipewa kazi ya kusomwa. Mwenye kampuni alikubali shingo upande. Kikundi cha kwanza kilikuwa wazee 12, wanawake kwa wanaume, kutoka Wete na Konde, kwenda Bagamoyo na Kaole kwa siku tano. Waliuliza maswali ambayo hakupata kuulizwa na mgeni yeyote: bei ya samaki, nani mwenye shamba lile, mbona makaburi ya Kaole yanafanana na ya kwao Ras Mkumbuu.

Katika safari ya pili, ami alikuja. Hakusema kwamba anakuja. Jina lake lilitokea katika orodha, limeandikishwa na mtoto wake. Alfajiri walikuwa bandarini Malindi, wamefika kutoka Pemba jana yake, wanangoja chombo cha Dar es Salaam. Kulikuwa na manyunyu. Binti alisimama mbele yao akaanza kuita, kila mzee akaitikia, mmoja kwa mzaha, mmoja kwa kukohoa, bibi mmoja akaitikia mara mbili ili isidhaniwe kwamba hayupo. Likafika jina la ami. Ami alitazama bahari.

Akaliita tena.

"Si unaniona?" alisema ami.

"Nakuona, ami."

"Basi andika."

"Siandiki, ami. Naita."

Wenziwe wakaanza kugeuka. Mlango wa kuingilia chombo ulikuwa umekwisha kufunguliwa, abiria wengine wanapita na mabegi vichwani, na mfanyakazi wa bandari alikuwa akipunga mkono kwamba wasogee. Binti hakusogea, wala hakuliita jina mara ya tatu. Alisimama tu, mtandio umelowa, akamngoja nahodha wa zamani ambaye alijua vyema kuliko wote waliokuwapo pale kina cha mkondo wa Nungwi.

"Nimo," alisema ami, kisha akauliza nani amelichukua begi lake, maana lina dawa.